Mstari wa Tano



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, Bwana Yezu anatueleza habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, mtu huyo huketi na kupiga hesabu ya gharama, aone kama mali aliyo nayo itafika mwisho wa kazi. Sisi makatekista tumezoea kulifafanua fumbo hilo mbele ya watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo: kumfuata Kristu kuna gharama, na heri aijuaye mapema. Mwaka huu fumbo hilo limetugeukia sisi wenyewe, kwa sababu nyumbani mwetu, hapa Dilala, yumo mtoto ambaye kila usiku huketi mezani na kupiga hesabu.

Binti yetu wa mwisho yuko katika mwaka wa nne wa humanité za kisayansi, yaani ule ambao sisi wazee bado tunauita mwaka wa sita. Mbele yake uko Mtihani wa Serikali. Daftari lake limejaa limiti, derivati, integrali na namba changamano. Mama yake, akipita na sufuria mkononi, humuuliza: «Hizi zote ni za nini, mwanangu?» Swali hilo si la mama yake peke yake. Wazazi wengi wa mji wetu huliuliza. Tungependa kulijibu hapa kwa ukweli, na kuungama kosa letu pamoja na jibu, maana jibu lenyewe tulilipata kwa njia ya kosa hilo.

Sisi tulisoma mchepuo wa Matematika na Fizika hapa Kolwezi, katika miaka ya mwisho ya 1980. Wakati ule Gécamines ilikuwa baba na mama wa mji: ilitoa mshahara, posho ya unga, hospitali na shule. Katika darasa la mwisho tulikuwa wanafunzi 14. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti moja la kijivu, aliyeandika ubaoni polepole kama mtu anayemwandikia barua mkubwa wake.

Siku moja alituambia tulikumbuke shimo la Musonoi. Kila mmoja wetu alikuwa ameliona. Ukisimama mbali, ukuta wake ni mteremko mmoja tu. Ukisogea, mteremko huo ni ngazi, moja chini ya nyingine, na kila ngazi ni pana kiasi cha magari makubwa kupita juu yake. Mwalimu akachora ubaoni mstari uliopinda, akauliza: «Mtapimaje eneo lililo chini ya mstari huu? Umbo hili halimo katika yale mliyofundishwa.» Tulinyamaza. Ndipo akachora ngazi chini ya mstari ule, kama ngazi za Musonoi. Ngazi moja ni mstatili, na mstatili hata mtoto wa msingi anaupima. Jumlisheni mistatili yote, alisema, mtapata jibu lenye kosa, kwa sababu pembe za ngazi hazifuati mstari. Punguzeni upana wa ngazi, na kosa litapungua. Punguzeni tena, nalo litapungua tena. Jinsi ngazi zinavyozidi kuwa nyembamba bila mwisho, jumla inakaribia namba moja tu, isiyo nyingine. Namba hiyo ndiyo integrali.

Tulitoka darasani tukiwa kimya. Tangu utoto tulikuwa tumelitazama shimo lile kama mahali baba zetu walipokwenda kazini na kurudi wamechoka. Siku ile tulitambua kwamba akili ya mwanadamu, aliyoumbiwa na Mungu, inaweza kukitembelea kitu kisicho na mwisho na kurudi na jibu la hakika.

Lakini somo lililobaki ndani yetu zaidi ni lingine. Juma moja, bila kueleza neno, mwalimu yule aliandika ubaoni mistari saba:

1. a = b
2. a² = ab
3. a² − b² = ab − b²
4. (a − b)(a + b) = b(a − b)
5. a + b = b
6. 2b = b
7. 2 = 1

Kisha akafuta chaki mikononi, akasema: «Nimethibitisha kwamba mbili ni sawa na moja. Atakayeona kosa aje aniambie.» Akatoka.

Tulicheka kwanza, kisha tukaingiwa na hofu. Kila mstari ulionekana kuzaliwa kwa halali na mstari uliotangulia. Tulitafuta kwa siku mbili. Siku ya tatu mmoja wetu, mtoto wa fundi wa reli, alisimama na kuweka kidole kwenye mstari wa tano. Ili kutoka mstari wa nne kufika wa tano, mwandishi amegawanya pande zote mbili kwa a − b. Lakini mstari wa kwanza umeshasema kwamba a na b ni sawa. Basi a − b ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Kosa halikuonekana kwa sababu sifuri ilikuwa imevaa nguo za herufi.

Mwalimu alitikisa kichwa kwa furaha, akatuambia neno ambalo tumelirudia mbele ya wanafunzi wetu kwa zaidi ya miaka 30: uongo haukai mwanzoni, kwa maana pale kila mtu yuko macho, wala haukai mwishoni, kwa maana pale unaonekana. Unakaa katikati, mahali ambapo msomaji ameanza kuchoka.

Mwalimu huyo alizaliwa Katanga, na wazazi wake walitoka Kasai. Wasomaji wa umri wetu wanajua maana ya maneno hayo. Mwaka 1993 alikuwa mmoja wa maelfu waliofukuzwa mjini mwetu, wakangoja treni kandokando ya reli pamoja na watoto na vyombo vyao. Sisi tulikuwa tumemaliza masomo ya ualimu, tena tulikuwa Wakristo wa kila Dominika. Tulimpelekea unga na mafuta pale kituoni wakati wa jioni, tusionekane na watu wengi. Hatukusema neno lolote hadharani. Hoja zilizozunguka mjini zilikuwa zimepangwa vizuri, mstari kwa mstari: kazi zimekuwa chache, hawa wanazo kazi, hawa si wa hapa, basi waondoke. Sisi tuliofundishwa kutafuta mstari wa tano hatukunyanyua kidole. Mwalimu hakutulaumu. Alituuliza jambo moja tu: «Nani atachukua darasa la sita?» Tulilichukua sisi, na hivyo ndivyo tulivyoanza kazi ya kufundisha.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Kampuni ilianguka. Mshahara wa Serikali ulipoteza thamani na kuchelewa, na tangu wakati huo wazazi wakaanza kuwabeba walimu kwa fedha zao. Masomo ya msingi bila malipo yalianza kutekelezwa mwezi wa Septemba 2019, lakini sekondari bado hulipiwa, na kila muhula tunaona watoto wanaorudishwa nyumbani. Wengine hawarudi tena darasani. Huenda kuosha mawe ya shaba na kobalti, au kushuka mashimoni, ambako fedha hupatikana jioni ile ile. Mtoto wa mwaka wa sita anayebaki na kitabu cha hisabati, huku mwenzake wa jirani amenunua pikipiki, anafanya tendo la imani, hata kama hajui kuliita hivyo.

Sasa tuseme kosa letu.

Mtihani wa Serikali upo tangu mwaka 1967. Katika maswali ya hisabati mtahiniwa huchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuchapwa. Mtahini haioni njia. Anaona jibu tu. Kwa sababu hiyo jibu linaweza kununuliwa, ingawa njia hainunuliki. Kila mzazi hapa kwetu anajua maana ya fedha zinazoitwa «za kusindikiza watoto», zinazokusanywa kimyakimya kabla ya siku za mtihani, ili wasimamizi wafumbe macho na majibu yaingie. Mwana wetu wa kwanza alipofika mwaka wa mwisho, katika shule ambayo hatutaitaja, karatasi ya mchango huo ilitufikia. Sisi, katekista na mwalimu wa hisabati, tulitoa.

Tulijijengea hoja, nayo ilikuwa nzuri. Mstari wa kwanza: mtoto wetu ana akili, tungempa tu alichostahili. Wa pili: shule zote zinatoa, asiyetoa anamwonea mtoto wake. Wa tatu: wasimamizi wametoka mbali, hawajalipwa, nao wana watoto. Wa nne: akianguka kwa sababu ya ukaidi wetu, hatutajisamehe. Wa tano: basi kutoa ni wajibu wa upendo wa mzazi. Tulipita hapo haraka, tumechoka, kama msomaji yule. Tulikuwa tumegawanya kwa sifuri. Kile tulichokiita upendo kilikuwa hofu iliyovaa nguo za upendo.

Mwana wetu alipata diploma kwa asilimia 68. Tulichinja mbuzi. Majirani walimpaka unga kichwani kama ilivyo desturi, tukamshukuru Mungu kwa Misa. Akaenda Lubumbashi kuanza masomo ya uhandisi. Huko, katika juma la pili, aliulizwa si jibu bali uthibitisho: aonyeshe, hatua kwa hatua, kwa nini limiti fulani ni ile na si nyingine. Karatasi haikuwa na majibu ya kuchagua. Alikaa mbele yake saa mbili. Mwisho wa mwaka alianguka, na fedha ya mwaka wa pili haikuwapo tena.

Aliporudi, hakutulaumu. Jioni moja, chini ya mwembe, alisema: «Baba, ningeweza kuanguka hapa hapa nyumbani, kwa bei nafuu, nikarudia. Lakini hamkuniruhusu.» Tulikosa la kumjibu. Tulikwenda kwa padri kuungama. Alituuliza swali ambalo hatukulitarajia: kama malipizi, mnaweza kurudisha nini? Tulijibu kwamba fedha haziwezi kurudi. Akasema: «Siulizi fedha. Mlimnyang'anya njia. Je, hamwezi kuirudisha hiyo?»

Ndipo tulipofungua tena kitabu cha mwaka wa tano. Mwana wetu, wakati huo akijifunza kazi ya umeme katika karakana, aliketi nasi barazani usiku, tukaanza upya: funksioni, limiti, derivati. Hakurudi chuo kikuu. Leo ni fundi wa umeme, anakula jasho lake, na hilo tunalishukuru. Lakini mlango mmoja ulifungwa, na sisi ndio tuliousukuma.

Mwaka huu karatasi ya mchango imefika tena, kwa ajili ya binti yetu. Safari hii tuliomba neno katika mkutano wa wazazi. Tulisema kwamba hatutatoa, na tulieleza kwa nini. Tulikumbusha pia kwamba tangu mapatano ya Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za nchi yetu zinaongozwa na Kanisa, kwa hiyo hatuwezi kusema jambo hili ni la Serikali peke yake. Watu walinyamaza. Kisha mama mmoja, muuza makaa, alisimama akasema kwa heshima: «Baba katekista, ninyi mnaweza kumfundisha binti yenu nyumbani. Mimi sijui kusoma. Mwanangu akianguka, mwaka mwingine sina. Mnaniambia nimwache peke yake?»

Wapendwa, mama yule alikuwa ameona mstari wa tano wa hoja yetu sisi. Tulikuwa tumepita kutoka «tusinunue majibu» hadi «kila mtoto ajitegemee», kana kwamba watoto wote wamepewa mwalimu, taa na meza. Kumkataza maskini dhambi bila kumpa njia nyingine ni kumtwika mzigo bila kuugusa kwa kidole, jambo ambalo Bwana aliwakemea nalo Mafarisayo.

Tangu juma lile, kila Jumamosi saa nane, tunafungua ukumbi wa parokia. Kuna ubao mmoja, chaki, na mabenchi ya katekesi. Mtoto wa mama yule huja, pamoja na wengine kutoka shule mbalimbali, hatuulizi dhehebu. Mwana wetu huwachukua wale wa mwaka wa tano, sisi huwachukua wa mwisho. Sheria yetu ni moja: jibu lisilo na njia halihesabiwi, hata likiwa sahihi, na njia njema yenye jibu lililokosea inapokelewa, kisha tunatafuta pamoja mahali ilipopotea. Tumeanza kuitumia sheria hiyo hata katika katekesi. Kwa miaka mingi tuliwapokea ubatizoni watu waliojua majibu yote kwa kichwa, bila kuwauliza wameyafikiaje. Bwana alipojiita Njia, Ukweli na Uzima, aliitaja njia kwanza.

Wapo waliotuambia kwamba hisabati za juu si za wasichana, hasa msichana wa katekista, ambaye afadhali asome mambo ya kanisa. Binti yetu tumemsimulia habari za Maria Gaetana Agnesi wa Milano, mlei Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1718. Mwaka 1748 alitoa kitabu kikubwa cha kufundishia derivati na integrali, kilichopangwa vizuri hata kikatumiwa katika nchi nyingine. Papa Benedikto wa 14 alimheshimu kwa kazi hiyo, na mwaka 1750 aliteuliwa kufundisha katika chuo kikuu cha Bologna. Baadaye aliacha sifa hizo, akawafundisha maskini katekisimu, akawahudumia wagonjwa na wazee, na akafa mwaka 1799 katikati ya maskini aliowatumikia. Hakuona ukuta kati ya daftari la hisabati na katekisimu. Kwa nini sisi tuujenge?

Basi tumjibu mama watoto, na wote wanaouliza hizi ni za nini. Wachache watazitumia kazini: mhandisi, mwalimu, mpimaji wa migodi. Wengi watazisahau. Lakini mtoto aliyezisoma kwa haki amejifunza kusimama mbele ya hoja nzuri na kusema: «Ngoja, mstari huu haukutoka katika ule.» Katika mji ambao kila siku tunaletewa hoja nzuri, za mikataba, za ardhi, za kabila, za fedha, mtu wa namna hiyo ni zawadi kwa Kanisa na kwa nchi. Tungekuwa nao wengi mwaka 1993, labda yule mwalimu angezeeka hapa kwetu.

Mtihani bado. Juzi usiku binti yetu aliinua kichwa akauliza: «Baba, nikianguka?» Tulimjibu kwamba tutarudia, kwamba ada ya mwaka mwingine tumeanza kuiweka kidogokidogo, na kwamba hatutamwonea haya. Aliinamisha kichwa tena akaendelea kuandika. Hatujui matokeo yatakuwaje. Gharama ya mnara tumeihesabu safari hii.

Maswali ya kushirikishana katika shirika

1. Katika maamuzi yetu ya nyumbani, ni wapi tulipita haraka, na hofu ikavaa nguo za upendo?
2. Ni hoja gani inayosemwa leo mjini mwetu ambayo tunaona kosa lake, lakini tunanyamaza?
3. Shirika letu linaweza kutoa nini, mbali na maonyo, kwa mtoto wa maskini anayejiandaa kwa mtihani?

Tuombe. Ee Mungu uliyepanga vyote kwa kipimo na hesabu, uwaangalie watoto wetu wanaoketi usiku na vitabu vyao. Uwape akili ya kutafuta na moyo usiodanganya. Utusamehe sisi wazazi na walimu tulioiba njia yao. Uwarudishie neema wale tuliowaacha kandokando ya reli. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.